Msumari Uliopanda Ukutani

Kule Kapata, nje kidogo ya Kolwezi, nyumba za kampani ya mgodi zimepangwa safu kwa safu. Zote zinafanana. Mlango mmoja mbele, mlango mmoja nyuma, madirisha mawili upande wa barabara. Mtu akirudi na mawazo mengi kichwani anaweza kuingia nyumba ya jirani, akavua viatu na kuomba maji, kabla hajajua kwamba hayuko kwake.

Katika safu ya nne aliishi Mama Tshibola, mjane wa miaka sitini na sita. Watu wake walitoka Kasai. Mumewe, marehemu Tata Mpoyi, aliletwa Kolwezi akiwa kijana kufanya kazi chini ya ardhi, mgodini. Mama Tshibola yeye alishona nguo. Mashini yake ya kushonea ilikaa karibu na mlango wa nyuma, mahali penye mwanga, na watu wa safu ile walizoea sauti yake kama walivyozoea sauti ya mvua juu ya bati.

Juu ya mashini, ukutani, kulikuwa na msumari mmoja mkubwa. Tata Mpoyi aliupigilia siku waliyopewa nyumba. Alimwambia mke wake anyooshe mkono juu, akaupigilia pale vidole vilipofika, kwenye tofali la kumi na tisa kutoka chini. Mama Tshibola alitundika hapo kikapu chake cha uzi, vifungo na mkasi, ili watoto wasikifikie.

Siku ileile jirani yao, Mama Adolphine, aliomba naye apigiliwe msumari kwake. Adolphine ni mtu wa kaskazini ya Katanga. Wakati ule yeye na Tshibola walikuwa wanawake vijana, na kimo chao kilikuwa kimoja, hata waliazimana nguo za kwendea misa. Basi na msumari wa Adolphine ulikaa kwenye tofali la kumi na tisa.

Miaka ilipita. Kikapu kilipanda na kushuka kila siku, na hakuna aliyeuwaza msumari.

Halafu, asubuhi moja ya wakati wa baridi, mkono wa Mama Tshibola haukufika.

Vidole viligusa tofali tupu. Alijinyoosha, akasimama juu ya vidole vya miguu. Msumari ulikuwa pale juu, kimya, kama mtu anayekutazama bila kukusalimu. Mama Tshibola akaleta kigoda, akapanda, akatundika kikapu chake. Hakumwambia mtu.

Baada ya siku kadhaa aliona jambo lingine. Liputa lake, kitenge cha kujifunga kiunoni chenye maua ya njano, ambalo zamani liliishia juu ya vifundo vya miguu, sasa lilikuwa likifagia sakafu. Upindo wake ulikuwa umejaa vumbi jekundu. Alilipima kwa kamba yake ya fundi. Kitambaa hakikuwa kimeongezeka hata upana wa kidole.

Mama Tshibola alifikiri sana. Mwishoni akajiambia kwamba amejua: nyumba inashuka.

Usimcheke. Miaka mitatu nyuma sehemu moja ya mgodi wa chini ilikuwa imeanguka, na tangu hapo watu wa Kolwezi walikuwa na tabia ya kusikiliza ardhi. Kikombe kikitikisika mezani, mazungumzo yanasimama. Na kampani yenyewe ilikuwa inakufa kidogo kidogo. King'ora cha kubadilisha zamu kililia siku moja, kisha kikanyamaza siku tano. Mambo mengi yaliyosimama imara yalikuwa yanazama. Kwa nini sakafu isizame? Aliiona akilini ikishuka taratibu katikati ya kuta, kama sabuni iliyoachwa ndani ya beseni la maji.

Mchana mmoja, baada ya kula bukari, ugali wa huko, alilaza kichwa juu ya mashini, usingizi ukamchukua. Akamwona Mpoyi. Alikuwa chini ya sakafu, katika njia ndefu ya mawe ya kijani, na taa yake ikiwaka kwenye paji la uso. Alikuwa amenyanyua mikono yote miwili, na viganja vyake vilikuwa vimeshika sakafu ya nyumba kutoka chini. Vumbi la kijani lilimwangukia mabegani polepole. Tshibola alimwambia aachie, apumzike, amechoka. Mpoyi alitikisa kichwa na kutabasamu kidogo, kama alivyokuwa akifanya alipoulizwa kama anataka chakula kingine.

Alipoamka, shingo ilimuuma, na liputa lilikuwa chini ya nyayo zake.

Siku hiyo alimwambia Annie. Annie alikuwa binti yake, na aliishi katika nyumba ileile pamoja na mume wake Muamba na watoto wao watatu, mdogo akiwa bado mgongoni.

"Annie, hii nyumba inashuka."

"Inashuka namna gani, mama?"

"Polepole. Angalia musumari wa baba yako."

Annie aliuangalia. Aliona msumari, basi. Alikuwa na hofu nyingine, kubwa zaidi. Mwaka ule wa tisini na tatu watu wa asili ya Kasai walikuwa wakifukuzwa kutoka Katanga yote, Kolwezi ikiwemo. Vijana walipita barabarani wakiimba kwamba warudi kwao. Muamba alikuwa ameambiwa asirudi tena kazini. Katika safu yao nyumba tatu zilikuwa tayari tupu, na milango yake imechukuliwa. Familia nzima nzima zililala stesheni, juu ya mizigo yao, zikingoja treni ambayo hakuna aliyejua siku yake. Muamba alizaliwa Kolwezi. Huko vijana walikokuita kwao, yeye hakuwahi kukuona.

Wengine walimwonya Mama Adolphine asiingie tena nyumba ya watu wa Kasai. Aliendelea kuingia, kwa mlango wa nyuma, na fungu la majani ya lengalenga mkononi. Aliyemuuliza alijibiwa kwamba anakwenda kudai sindano yake.

Muamba alianza kugawa mizigo. Kila mtu alipata wake, hata mtoto wa miaka mitano alipewa sufuria ndogo. Sasa lazima ujue kwamba kwa watu wa Muamba mwanamume anamheshimu sana mama mkwe. Hamtazami usoni. Hali chakula pamoja naye. Hamgusi. Katika nyumba ndogo kama ile heshima hiyo ilikuwa kazi. Alipotaka kupita nyuma alikohoa kwanza. Alipotaka kumwambia Mama Tshibola jambo, alisimama nje, akageukia mpapai wa uani na kusema na Annie kwa sauti ya kusikika.

"Annie, umuambie mama asibebe kitu."

Mama Tshibola, ndani, alijibu kwa njia ileile. "Annie, umuambie bwana yako mi nitabeba mashini yangu."

Kwa kweli alikusudia. Walifungua mashini kutoka kwenye meza yake. Ilikuwa chuma tupu, nzito kama mtoto wa miaka mitatu aliyelala. Alisema ataibeba kichwani, kama alivyobeba maji, unga na kuni maisha yake yote. Na ili kichwa kisisahau kazi, kila asubuhi alifanya mazoezi. Aliiweka mashini juu ya kata ya kitambaa akazunguka ua mara tatu. Jirani walimsifu. Jioni alisikia maumivu katikati ya mabega, akasema ni mwili unajifunza.

Asubuhi ya tisa aliinama kuichukua chini. Aliinama kwa kiuno, miguu imenyooka, kama wanawake wote wa safu ile wanavyoinama. Alipoinyanyua, kitu kilisema "ko" ndani ya mgongo wake, kama ganda kavu la maharagwe linapopasuka juani. Akakaa chini. Mashini iliangukia ubavu. Gurudumu lake likaendelea kuzunguka lenyewe, kwa muda mrefu, bila uzi na bila nguo. Mama Tshibola alilitazama mpaka liliposimama.

Siku tatu hakuweza kuamka. Akikohoa, anaumwa. Akijigeuza, anaumwa. Annie alimwekea kitambaa cha moto, akamsugua kidogo, naye akamwomba aache.

Siku ya nne Muamba alisimama karibu na mpapai. Safari hii alisema kwa sauti ya chini, lakini ukuta ulikuwa mwembamba. Alimwambia Annie kwamba amempata mzee mmoja anayenyoosha migongo. Anamlaza mgonjwa kifudifudi, kisha anapanda juu na kukanyaga mpaka mfupa urudi. Angekuja saa tisa. Halafu Muamba akakwaruza gome la mpapai kwa kucha.

"Wagoni iko juu," alisema. "Inafika hapa mu kifua. Mi siwezi kumushika mama mukwe. We uko na mutoto mu mugongo, na bale wawili mu mikono. Kama mama hawezi kupanda ye mwenyewe..."

"Maliza," alisema Annie.

"Kama hawezi, tutamuacha kwa Mama Adolphine mpaka bitu bitulie."

Kilio cha mwanamume kilisikika, hakikuwa cha Annie.

Mama Tshibola alilala akitazama dari. Basi jambo lake lilikuwa hilo tu, wala halikuwa gumu kulielewa. Kupanda wagoni ya treni kwa miguu yake mwenyewe, au kubaki, na wajukuu waende mahali asipoweza kuwafuata.

Mama Adolphine alipokuja na majani yake akasikia habari ya mzee wa kukanyaga, aliweka majani chini. Aliomba wasimruhusu mtu kupanda juu ya mgongo ule kabla hajarudi. Akaenda kumwita Mama Laurentine.

Mama Laurentine alikuwa amefanya kazi hospitalini miaka ishirini na miwili. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha kutembea upya watu walioumia mgodini, na watu walimwita Mama Kine, kwa jina la Kifaransa la kazi hiyo. Alikuja kwa miguu kutoka mjini, na viatu vyake vyeupe vya kazi ndani ya mfuko. Mlangoni alivua sandali zenye vumbi, akavaa vile vyeupe, ndipo akaingia. Mzee wa kukanyaga alikuwa amekwisha fika. Mama Laurentine alimsalimu vizuri, akamshukuru kwa kuja, akamwambia kwamba huu si mgongo wa kukanyagwa. Mzee alikunywa chai yake akaenda.

Kwanza Mama Laurentine aliuliza maswali. Je, mama ana homa? Anatoka jasho akilala? Anakohoa wiki na wiki? Amekonda? Alisema kifua kikuu kinaweza kuingia hata ndani ya mifupa ya mgongo, na huo ni ugonjwa mwingine, wenye dawa zake. Mama Tshibola hakuwa na dalili hizo. Je, miguu inakufa ganzi? Mkojo unatoka bila kutaka? Hapana. Mama Laurentine alishukuru. Alimwambia Annie kwamba siku atakapoona miguu inalegea, au mkojo haushikiki, asingoje hata saa moja, ampeleke mama hospitalini. Kisha alipitisha vidole juu ya mgongo, taratibu, pingili kwa pingili. Alipofika katikati, Mama Tshibola alivuta pumzi.

"Mama, zamani ulikuwa murefu kuliko sasa?"

"Mi niko vilevile," alisema Mama Tshibola. "Ni nyumba njo inashuka."

Mama Laurentine hakucheka. Aliomba aonyeshwe. Mama Tshibola alionyesha msumari kwa kidole, kutoka kitandani, akaeleza yote, hata habari ya liputa. Mama Laurentine alipiga magoti akahesabu matofali kutoka sakafuni. Yalikuwa kumi na tisa. Aliangalia rangi ya ukuta chini kabisa. Ilifika sakafuni bila pengo. Kama sakafu ingeshuka, alisema, tungeona mstari wa ukuta usiopakwa rangi.

"Mama Adolphine," alisema, "nyoosha mukono."

Adolphine alinyoosha mkono. Aliushika msumari kwa vidole vyote, bila shida.

Nje kuku alikuwa akikwaruza.

"Tena," alisema Mama Tshibola.

Adolphine aliushika tena.

"Weye umerefuka?"

"Mi? Na hii njaa yote?" alisema Adolphine. "Ningerefuka na nini, dada? Na upepo?"

Walimsaidia Mama Tshibola kusimama, polepole. Waliwasimamisha wawili wale mgongo kwa mgongo, kama watoto wa shule. Miaka arobaini nyuma mabega yao yalilingana. Sasa bega la Adolphine lilikuwa juu kwa upana wa kiganja kizima. Mama Tshibola aligusa bega lake, akagusa bega la rafiki yake, akarudi kwenye lake.

"Kumbe ni mi njo nilishuka," alisema.

Walimrudisha kitandani. Mama Laurentine akakaa kwenye kigoda kilekile cha kutundikia kikapu.

"Bwana yako alifanya kazi chini," alisema. "Alikuambia nini juu ya nguzo?"

Mama Tshibola alikumbuka vizuri. Mpoyi alisema kwamba wanapochimba wanaacha nguzo za mawe, zishike mlima. Nguzo hizo hazichimbwi. Ukizikwangua sana, kwa macho bado zinasimama, lakini siku moja zinabonyea, na paa linashuka.

"Basi umekwisha kuelewa," alisema Mama Laurentine. "Mifupa ya mugongo ni nguzo. Mwanamuke akiacha kuona mwezi, mifupa yake inaanza kukwanguliwa kwa ndani. Inje haionekani. Pingili moja inabonyea, mbele kuliko nyuma. Pengine hausikii kitu. Kisha ingine. Mutu anapunguka, anainama, nguo zinaburuta. Halafu siku moja anainama kubeba kitu kizito, ingine inavunjika, na hiyo anaisikia."

"Mi nilifikiri ni uzee tu."

"Kila mutu anasema vile. Njo maana hatutafuti musaada."

Annie aliuliza kama mgongo utanyooka. Mama Laurentine alisema hatawadanganya. Pingili iliyobonyea hairudi. Lakini maumivu yatapungua, pengine kwa wiki sita, pengine nane, na nguzo nyingine zinaweza kutunzwa zisifuate. Mguu wa mzee yule ungeweza kuvunja nyingine palepale. Na picha ya mifupa ingewaonyesha kila kitu vizuri, ila miezi ile hospitali haikuwa na karatasi za picha. Aliacha vidonge vya maumivu, akaeleza jinsi vinavyomezwa, na akasema atarudi.

"Nitaweza kupanda wagoni?" aliuliza Mama Tshibola.

Mama Laurentine aligonga ukingo wa kitanda kwa kiganja. "Tujifunze kwanza kupanda kutoka kitandani," alisema.

Hivyo ndivyo walivyoanza. Kwanza alijifunza kuamka. Zamani alijivuta mbele kama anayetaka kukaa, na ndiyo sababu aliumia. Sasa aligeuka ubavu, mabega na nyonga pamoja, kama gogo linavyobingirika. Kisha aliteremsha miguu, akasukuma kwa mikono. Haikuwa lazima kulala siku nzima. Mama Laurentine alisema kitanda kikizidi kinakula mifupa vilevile, kwa hiyo alitembea, kwanza mpaka mlangoni, kisha mpaka kwa mpapai, kisha mpaka mwisho wa safu na kurudi, na fimbo mkononi. Sandali zake zilizolegea Annie alizishonea mkanda wa nyuma, maana kuanguka kulikuwa hatari kuliko yote.

Kila asubuhi alisimama chini ya msumari, visigino na mgongo karibu na ukuta, kidevu ndani, na kichwa kikitafuta ukuta bila kulazimishwa. Siku ya kwanza ngumi ya Annie na vidole viwili vilipita kati ya kichwa na ukuta. Alisukuma mabega nyuma, akapumua mara kumi, akapumzika. Wakati wa kupumua alifumba macho. Mara nyingine alihisi viganja vya Mpoyi vikimshika kutoka chini, hapa kwenye visigino. Hakuwaambia wengine.

Walibadilisha na chakula, kadiri ilivyowezekana katika njaa ile. Samaki wadogo wakavu, kapenta, walikuwapo sokoni mara mojamoja, na watoto walikuwa na desturi ya kutupa vichwa pembeni ya sahani. Siku moja Mama Laurentine aliwakuta wakila. Alichukua kichwa kimoja, akakitafuna mbele yao polepole, macho yamefumbwa, kama anakula peremende. Mtoto wa miaka mitano akaomba kimoja, na tangu siku hiyo hawakutupa tena. Mifupa ya samaki inajenga mifupa ya mtu, Mama Laurentine alieleza. Majani ya lengalenga na maharagwe yanasaidia pia. Na jua: Mama Tshibola alikaa uani asubuhi, mikono na miguu wazi, jua likimwangukia. Mama Laurentine alimwambia na Annie asingoje uzee. Mwanamke anayenyonyesha na kubeba mizigo kila siku anaweka akiba ya mifupa yake sasa, au anaimaliza.

Na kubeba? Kitu chepesi, karibu na tumbo, magoti yakiwa yamekunjwa na mgongo umesimama. Si kichwani tena. Si kuinama na kujipinda. Mtoto aliyetaka kupakatwa alipanda kwanza kwenye kigoda.

Wiki ya tano, asubuhi, Mama Tshibola alisikia kikohozi nyuma ya mlango. Alipofungua hapakuwa na mtu. Chini kulikuwa na ngazi fupi ya mbao, vidato viwili, pana na imara, imepigwa misumari vizuri. Aliutambua ubao wake. Ulikuwa mlango wa chumba cha Muamba.

"Annie," alisema kwa sauti kubwa, "umuambie bwana yako asante."

"Annie," sauti ya Muamba ilijibu kutoka upande wa mpapai, "umuambie mama ajaribu kama haitetemi."

Meza tupu ya mashini ikawa wagoni yao. Alipanda kidato cha kwanza, cha pili, akageuka, akakaa kwanza kwenye ukingo wa meza, kisha akavuta miguu, mwili mzima ukigeuka pamoja. Kwa siku za kwanza aliumwa na kurudi. Adolphine alisimama kando na kifuniko cha sufuria kichwani, kama kofia ya mfanyakazi wa treni.

"Abiria, tiketi."

"Niliiacha kwa bwana yako," alijibu Mama Tshibola, na wakacheka mpaka akashika mbavu akaomba waache kumchekesha.

Ilibaki mashini. Hakuna aliyeuliza. Aliitazama siku mbili, ikiwa sakafuni, akiwa ameifuta vumbi. Siku ya tatu alimwita Adolphine.

"Ikae kwako. Kila mwezi matone mawili ya mafuta, hapa na hapa."

"Mi sijui kushona, Tshibola."

"Utajifunza. Kaa wima tu. Mi nilikaa kama ndoana."

Treni ilikuja wiki ya nane. Habari ilifika saa nne asubuhi. Muamba aliweka mizigo juu ya mkokoteni, na ngazi ya mbao juu ya yote. Mama Tshibola alitembea kando, na fimbo yake, akipumzika kila alipochoka. Stesheni ilijaa watu, vitanda, kuku na vilio. Wagoni zilikuwa zile za kubebea mawe ya madini. Sakafu yake ilifika kifuani kwa mtu mzima, kweli.

Muamba aliweka ngazi. Alipiga magoti kwenye kokoto, akaishika kwa mikono yote miwili, na uso wake akaugeuzia magurudumu, mbali na mama mkwe wake. Hakumgusa.

Mama Tshibola alipanda kidato cha kwanza. Cha pili. Aligeuka. Watu nyuma walisukumana, na Annie akawaomba wangoje kidogo. Mama Tshibola alikaa kwenye ukingo wa chuma. Alipumua mara moja. Alivuta miguu, mabega na nyonga pamoja, kama gogo. Akawa ndani.

Adolphine alikuja mpaka kwenye wagoni, akanyoosha mkono wake amguse. Vidole vyake viliishia chini kidogo ya magoti ya rafiki yake.

"Haunifiki," alisema Mama Tshibola kutoka juu. "Leo ni mi murefu."

Safari ilikuwa ya siku nyingi, na kuna wazee waliopanda treni ile ambao hawakufika. Mama Tshibola alifika. Fungu la nguo lilikaa nyuma ya kiuno chake njia nzima. Kila treni iliposimama, naye alisimama.

Barua ilikuja Kapata baada ya mwaka mmoja na zaidi, mkononi mwa mfanyabiashara aliyetoka Mwene-Ditu, huko Kasai. Annie aliiandika, lakini maneno yalikuwa ya mama yake. Alisema mgongo umeinama vilevile, wala haukuinama zaidi. Alisema maumivu yanakuja wakati wa baridi tu. Alisema anawafundisha wanawake wa pale namna ya kunyanyua ndoo, na wanamwita Mama Gogo. Muamba alijenga nyumba ya matofali ya udongo. Ilipokwisha alisimama nje, akamwambia Annie amwambie mama anyooshe mkono ukutani. Annie akaweka alama kwa mkaa, mama akatoka, naye Muamba akaingia na nyundo na msumari. "Kila Jumapili ninaujaribu," barua ilisema. "Vidole bado vinafika."

Mama Adolphine aliisoma mara mbili, akiwa amekaa mbele ya mashini. Alikuwa amejifunza kushona mapazia, yaliyopinda kidogo. Kisha aliinuka, akasimama karibu na ukuta wake, akanyoosha mkono kwenye tofali la kumi na tisa.

Aliugusa msumari. Lakini aliugusa kwa ncha za vidole tu.

Alibaki hivyo kidogo, mkono juu, akisikiliza. Nyumba haikuwa inashuka. Alikunja barua akaiweka ndani ya kikapu chake cha uzi. Kigoda kilikuwa pale pembeni, hakukivuta. Alifunga mikanda ya sandali zake, akaenda kwa Mama Laurentine.